Normandie, Titanic au Uganda: picha ipi ya meli uitie fremu?

Anayetaka picha ya meli ya zamani ukutani mwake kwa kawaida huanza na Titanic, kwa sababu ndilo jina analolijua. Mimi pia nilianzia hapo. Nilikuwa na ukuta mmoja mtupu sebuleni, hapa Mombasa, na pesa ya fremu moja nzuri. Kabla ya kwenda kwa fundi nikakaa miezi nikipima picha tatu: Titanic; Normandie ya Wafaransa kama alivyoichora Cassandre, mchoraji wa mabango; na s.s. Uganda ya kampuni ya British India, meli ambayo wazee wa bandari zetu waliiona kwa macho yao. Haya ndiyo niliyoyapata, na pale ninapopendelea nitasema.

Jambo la kwanza ni kwamba picha hizi tatu si za ukoo mmoja. Normandie ni bango la tangazo. Titanic inayouzwa madukani ni mchoro wa gazeti, au picha ya kamera iliyopitia mikono mingi. Uganda utaipata kwenye kadi za posta na picha za kampuni. Kila moja ilitengenezwa kwa kazi yake, na kazi hiyo haiishi picha inapotiwa fremu. Bango litaendelea kukuuzia tiketi ya meli isiyokuwapo tena. Mchoro wa gazeti utaendelea kukupa habari ya msiba. Kadi ya posta itaendelea kusema, nilipita hapa.

Normandie: meli inayokujia

Normandie ilishushwa majini Saint-Nazaire tarehe 29 Oktoba 1932, na safari yake ya kwanza kutoka Le Havre kwenda New York ilianza 29 Mei 1935. Urefu wake ulizidi mita 313. Ukumbi wake wa chakula wa daraja la kwanza peke yake ulikuwa na mita 93, mrefu kuliko ule Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles. Katika safari hiyo ya kwanza tu ilivuka Atlantiki kwa kasi iliyokaribia noti 30 (noti ni kipimo cha mwendo wa meli), ikachukua heshima ya kuwa meli ya abiria yenye mbio kuliko zote.

Sasa fikiri umeambiwa uichore. Wachoraji wengi wangeiweka ubavu, dohani tatu zihesabike, madirisha yapangike, urefu uonekane toka omo, yaani mbele ya meli, hadi tezi, yaani nyuma. Adolphe Mouron, mzaliwa wa Kharkiv wa mwaka 1901 aliyejiita Cassandre, alifanya kinyume. Alituweka usawa wa maji, mbele ya omo kabisa, kana kwamba tumo ngalawani na meli ndiyo inatujia. Zile mita 313 zote amezificha nyuma ya omo. Huzioni, lakini mwili wako unazijua, kwa sababu unajikuta umeinua kidevu.

Chini kabisa, ubavuni mwa omo, kuna kundi la ndege weupe wadogo mno. Watu wengi hawawaoni mpaka waonyeshwe. Wazibe kwa kidole uone: meli inasinyaa papo hapo, inakuwa umbo zuri la rangi na si zaidi. Ondoa kidole, ukubwa unarudi. Miaka minne kabla ya hapo, 1931, alikuwa amechora meli nyingine ya Kifaransa, L'Atlantique, na kipimo chake kikawa tagi, meli ndogo ya kuvuta meli kubwa, iliyo chini ya ubavu mkubwa mweusi. Kutoka tagi hadi ndege: alijua kwamba jicho halina namna ya kupima kikubwa ila kwa kidogo kilicho kando yake. Kwangu hiyo ndiyo akili kubwa kuliko zote katika picha hizi tatu, na kwa uchoraji mtupu hakuna inayoisogelea.

Lakini kuna vitu bango hili halikupi. Halina mtu hata mmoja. Hutaona sitaha, wala madirisha, wala ule mwili wa meli uliobuniwa na Vladimir Yourkevitch, Mrusi aliyehamia Ufaransa, ambao mafundi wa meli wanausifu hadi leo. Anayependa meli kama chombo, anayetaka kusogea karibu na kuhesabu mashua za kuokolea, atachoka na Cassandre mapema. Kwake bora picha ya kamera ya Normandie ikiwa ubavu, ikiingia New York.

Jingine ni mwisho wa meli yenyewe. Tarehe 9 Februari 1942, ikiwa gatini New York ikigeuzwa kuwa meli ya kubebea askari, cheche za mafundi wa kuchomelea ziliwasha maboya ya kujiokolea. Maji mengi yaliyomwagwa kuzima moto yakaielemea, na usiku huo ikalala ubavu pale pale gatini. Meli iliyochorwa kama kitu kisichoweza kusimamishwa na chochote iliishi miaka isiyofika saba. Ukishalijua hilo, bango linatazamika kwa namna nyingine. Mimi naona linapendeza zaidi.

Kuhusu kununua: mabango ya asili ya 1935, ya kipimo cha karibu sentimita 100 kwa 62, huuzwa minadani kwa maelfu ya dola. Ukiuziwa “la asili” kwa bei ya kitenge, si la asili. Chukua kioo cha kukuza, tazama sehemu ya anga. Chapa ya mawe (litografia) ya enzi hizo ina chembechembe zisizo na mpangilio, kama mchanga uliopeperushwa. Nakala ya kiwandani ya miaka ya karibuni ina nukta zilizojipanga mistari, na katika makutano yake zinafanya viua vidogo vidogo. Printa ya wino ina ukungu laini wa vitone. Nakala si dhambi, mimi ningeinunua bila haya, mradi ilipiwe kama nakala. Na kwa kuwa Cassandre alifariki 1968, haki za kazi yake bado zinalindwa Ufaransa hadi mwisho wa 2038; nakala ya halali huwa na jina la mwenye haki pembezoni. Kupakua picha kwenye intaneti na kuipeleka kwa mpiga chapa wa mtaani si sawa, na pia itakutia hasara, maana zile rangi zinazofifia polepole za anga hutoka na michirizi.

Titanic: rahisi kuipata, ngumu kuipata sahihi

Titanic ilijengwa Belfast, kiwandani kwa Harland & Wolff, kando ya dada yake Olympic. Olympic ilitangulia na ikafanya kazi miaka mingi, hivyo ilipigwa picha nyingi. Titanic iliondoka Southampton 10 Aprili 1912, na alfajiri ya 15 Aprili haikuwapo. Matokeo yake ni kwamba picha nyingi zinazouzwa kwa jina la Titanic ni za Olympic.

Kuzitofautisha si kazi ngumu. Tazama ile sitaha ya matembezi iliyo chini ya mashua za kuokolea. Ikiwa nusu yake ya mbele imezibwa kwa madirisha, hiyo ni Titanic. Ikiwa iko wazi mwanzo hadi mwisho, ni Olympic. Ukiona meli ya rangi nyeupe au kijivu chepesi ikiteremka kwenye njia ya kushushia majini, hiyo pia ni Olympic, tarehe 20 Oktoba 1910. Iliwekwa rangi nyepesi ili ishike vizuri kwenye picha. Titanic ilishuka 31 Mei 1911 ikiwa nyeusi.

Ule mchoro maarufu wa kuzama ni wa Mjerumani Willy Stöwer, wa mwaka ule ule wa 1912. Una nguvu, na kwa kuwa yeye alifariki 1931, nakala zake hazina kizuizi cha haki. Lakini alichora alichosimuliwa. Moshi unatoka dohani ya nne, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kupitisha hewa. Na meli inazama ikiwa nzima, kama wengi walivyoamini mpaka mabaki yalipopatikana Septemba 1985, vipande viwili, kina cha mita 3,800 hivi. Kama unautaka, uchukue kama kumbukumbu ya jinsi dunia ilivyoipokea habari ile.

Mimi nauacha kwa sababu nyingine. Pwani yetu na maziwa yetu yana nyumba nyingi zilizopoteza watu majini. Mv Bukoba ilizama 21 Mei 1996, Spice Islander Septemba 2011. Mgeni anayeingia sebuleni mwangu anaweza kuwa ametoka katika nyumba kama hizo, na sitaki akae na chai mkononi akitazama mashua zilizojaa watu na meli inayokwenda chini. Titanic ikiwa hai ni jambo tofauti. Mjesuiti mmoja aliyekuja kuwa padri baadaye, Francis Browne, alisafiri nayo kutoka Southampton mpaka Queenstown, Ireland, akashuka hapo na kamera yake. Picha alizopiga ni za Titanic kweli, na kuna moja ya mvulana akizungusha pia ya kuchezea sitahani, watu wazima wakimtazama. Ukilazimika kuwa na Titanic, tafuta hiyo. Ni ndogo, ni ya kimya, na inasema zaidi ya mchoro wote wa Stöwer.

Uganda: meli iliyotupitia

S.s. Uganda ilishushwa majini Glasgow tarehe 15 Januari 1952, miezi michache baada ya dada yake, Kenya, kuanza kazi. Zote mbili zilikuwa za njia yetu: London, Mfereji wa Suez, Aden, Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar es Salaam, hadi Beira na kusini zaidi. Urefu mita 164 hivi, abiria wapatao 300, na mizigo mingi. Kando ya Normandie ni mtoto. Alama yake ya kuitambua ni dohani moja nyeusi yenye mikanda miwili myeupe, alama ya meli zote za British India, zikiwemo zile zilizokuwa zikija kutoka Bombay.

Nisifiche: kama sanaa, picha zake nyingi ni za kawaida. Meli imewekwa ubavu, bahari shwari, mawingu mawili, basi. Mchoraji wa kampuni alilipwa aonyeshe meli safi, akaionyesha safi. Hakuna Cassandre aliyeitazama Uganda kutoka kwenye ngalawa, ingawa ngalawa zilikuwapo tele, na kila nikifikiri hivyo naona fursa iliyopotea.

Kinachobeba picha za Uganda ni vilivyo pembezoni mwake. Ninayo kadi ya posta iliyotoka kwa babu yangu mzaa baba, aliyekuwa akipakua mizigo Kilindini. Meli imefunga gatini. Winchi imeinua wavu wa magunia, na chini yake wapo wanaume saba, wanne wamevaa kikoi na fulana, wawili wanatazama juu, mmoja amempa mgongo mpiga picha. Juu, kwenye reli ya sitaha, abiria wenye kofia nyeupe wanaangalia chini. Umbali kati ya wale wa juu na wale wa chini haufiki mita kumi na tano, na historia nzima ya pwani ya miaka ile imo katika umbali huo. Mpiga picha hakukusudia kuisimulia. Yeye alikuwa akipiga meli. Inawezekana mmoja wa wale saba ni babu. Aliyeweza kuthibitisha ameshatangulia mbele ya haki.

Mtu wa Unguja atatafuta picha tofauti, maana kule meli kubwa zilitia nanga nje na abiria wakaletwa pwani kwa mashua. Katika picha hizo mashua ndizo zinazofanya kazi ya ndege wa Cassandre: zinakupa kipimo.

Ukitafuta, angalia ni Uganda ya wakati gani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 iligeuzwa kuwa meli ya safari za wanafunzi, ngama za mizigo zikawa mabweni. Kwa hiyo Uganda ya njia yetu ni ile ya kabla ya 1967, yenye winchi na nguzo za kupakulia mbele na nyuma. Ikiwa ina misalaba mikubwa myekundu, ni ya 1982, ilipochukuliwa kuwa hospitali katika vita vya visiwa vya Falkland. Mwaka 1986 ilipelekwa Kaohsiung, Taiwan, ikavunjwevunjwe, na kabla nyundo hazijaanza kimbunga kikaipandisha nchi kavu na kuilaza ubavu. Dada yake, Kenya, ilikuwa imevunjwa Italia tangu 1969.

Kwa bei, meli ya Uganda inashinda wazi. Kadi za posta za asili bado zinapatikana kwa pesa ambayo mtu wa kawaida anaweza kuitoa, na nyingi zimelala katika masanduku ya familia bila mtu kuziuliza. Uliza shangazi zako kabla ya kuuliza wauzaji.

Ukuta wenyewe

Normandie imesimama, zile mbili nyingine zimelala. Hilo pekee huamua mengi kuliko mapenzi. Nyumba za zamani za pwani zina kuta nene na nafasi nyembamba kati ya mlango na dirisha, au kando ya ngazi. Hapo bango la kusimama hukaa kama lilizaliwa hapo. Juu ya kochi refu, picha iliyolala ndiyo mahali pake. Normandie inasomeka ukiwa mlangoni, hatua sita nyuma, nayo haipendi majirani: ukiweka picha nyingine kando yake, hiyo nyingine inakufa. Uganda inamtaka mtu asogee. Iweke mahali ambapo mgeni anaweza kusimama karibu bila kugonga meza.

Kadi ya posta ni ndogo, sentimita 14 kwa 9. Usiitie fremu yenyewe. Ipige skani kwa nukta 600 kwa inchi, na hapo utapata nakala ya upana wa sentimita 42 ambayo bado ni kali kwa jicho, yaani inakaribia karatasi ya A3. Ile ya asili irudi kwenye bahasha, mahali pakavu.

Fremu kwa mtu wa pwani

Nikiwa Nairobi ningeandika aya moja tu hapa. Mombasa, Tanga, Unguja au Muscat, chumvi na unyevu wa hewa ndivyo adui, na fundi asiyejua hilo atakuharibia picha yoyote kati ya hizi tatu. Yangu ya kwanza iliharibiwa: fundi aliipaka gundi nyuma nzima, akaibandika kwenye kadibodi ya boksi, akaigusisha kioo. Masika moja ikatosha. Kuvu iliota kutoka pembe ya chini, na karatasi ikang'ang'ania kioo kiasi kwamba kuibandua ilikuwa kuichana.

Tangu hapo nasisitiza haya. Picha isiguse kioo. Kadi nene iliyokatwa dirisha katikati iizunguke na kuacha nafasi ya hewa, na kadi hiyo iwe isiyo na asidi, kama haipatikani dukani iagizwe. Picha ishikiliwe kwa bawaba za karatasi upande wa juu tu, ili iweze kutanuka na kunywea bila kujikunja. Mbao iwe mninga, mvule au msaji, iliyokauka kweli. Mbao laini za bei nafuu ni karamu ya mchwa. Misumari na waya wa chuma cha kawaida hupata kutu na kuchora mistari ya kahawia nyuma ya karatasi, kwa hiyo omba shaba au chuma kisichoshika kutu. Vipande viwili vya kizibo pembe za chini, nyuma ya fremu, vinaiachanisha na ukuta ili hewa ipite. Na kama ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, msumari utalegea. Tumia skrubu na plagi ndefu.

Jua linaziumiza picha hizi kwa viwango tofauti. Katika nakala za bei rahisi rangi nyekundu na njano hutangulia kufa, bluu ikabaki. Normandie ikitazamana na dirisha la mashariki, wekundu wa dohani utaondoka na bango zima litageuka la kibuluu. Ikiwa huna ukuta wenye kivuli, ongeza pesa upate kioo kinachozuia miale ya urujuanimno, au chagua Uganda ya rangi nyeusi na nyeupe, yenye kidogo cha kupoteza.

Nilichofanya na ninachowaambia wengine

Binamu yangu aliye Dar es Salaam alinipigia akiuliza ya ngazini kwake, ukuta mwembamba, kivuli siku nzima, na hana meli yoyote katika ukoo. Nilimwambia Normandie, bila kusita, nakala ya halali, kadi nyeupe pana, fremu nyembamba nyeusi isiyoshindana na omo. Rafiki aliyetaka zawadi ya mwanawe anayependa Titanic nilimpa jina la Padri Browne. Yeyote mwenye mzee aliyefanya kazi bandarini, au aliyewahi kusafiri na meli zile, au hata aliyezisikia honi tu zikiingia Kilindini, atafute Uganda au Kenya kabla ya kitu kingine, na aitafute mzee akiwa hai ili aonyeshwe nani ni nani.

Mimi nilitundika kadi ya babu, nakala ya sentimita 42, fremu ya mninga, usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Nyuma ya fremu, kwa penseli, nimeandika jina la meli, Kilindini, “kabla ya 1967”, na majina mawili ambayo mama yangu mkubwa aliyatambua kwa mavazi na mkao. Mengine matano nimeyaachia nafasi.